Hati za vifaa visivyojitambulisha

Flashi ya USB ukiichomeka kwenye kompyuta hujitaja yenyewe: mtengenezaji wake nani, na yenyewe ni kifaa cha aina gani. Chipu ya saa iliyofungwa kwenye nyaya za I2C haina desturi hiyo. Imekaa kimya kwenye anwani yake, 0x68, na chipu nyingine zisizohusiana nayo kabisa hupenda kukaa kwenye anwani hiyo hiyo. Ukiisoma unaweza kupata saa, au unaweza kupata kipimo cha mtikisiko. Kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi kinachoshika maunzi, haiwezi kubahatisha. Lazima iambiwe kilichopo.

Mwongozo huu ni kwa wewe unayetaka kuiambia vizuri, na kuyapanga maandishi yako ili atakayekuja nyuma yako ayaelewe bila kukupigia simu. Kwa kuwa maelezo ya hewani hayashikiki, tuchukue kituo kidogo cha kupimia bahari ambacho kingefaa Paje au Jambiani huko Zanzibar, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 na ambako maji yakipata joto kupita kiasi mwani, hasa wa aina ya cottonii, huharibika ukiwa bado kambani. Kituo kina bodi ndogo inayotumia Linux, tuseme Raspberry Pi. Kina saa ya DS3231 yenye betri yake, kina BME280 ya kupima mgandamizo wa hewa, joto na unyevu, na kina DS18B20, ile iliyovikwa ganda la chuma, ndani ya maji.

Saa ni ya nini? Raspberry Pi haikuwa na saa ya kuendelea kutembea umeme ukikatika mpaka toleo la 5 la mwaka 2023, na hata hilo betri yake unainunua mbali. Bodi isiyo na saa wala mtandao, ikizimika na kuwaka, huendelea kuandika vipimo kwa tarehe ya uongo. Kisiwa kilichokaa bila umeme wa gridi takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, hakihitaji kuhubiriwa umuhimu wa betri.

Kwenye mti wa vifaa, yaani faili linaloorodhesha maunzi ya bodi, saa yetu huandikwa hivi:

&i2c1 {
    rtc@68 {
        compatible = "maxim,ds3231";
        reg = <0x68>;
    };
};

Huo ni mti. Hati ni kitu kingine, na wanaoanza huvichanganya viwili hivi. Mti unasema: kwenye bodi hii, mahali hapa, pana saa hii. Hati inasema: popote duniani mtu atakapoandika maxim,ds3231, sifa anazoruhusiwa kuandika ni hizi, za lazima ni hizi, na maana yake ni hii. Mti ni wa bodi, hati ni ya kifaa. Linux huhifadhi hati hizi ndani ya msimbo wake, kwenye Documentation/devicetree/bindings, na ziko maelfu.

Zilifikaje huko ni habari inayosaidia kuelewa mpangilio wake. Mti wa vifaa ulitoka kwenye Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994, kilichotumika kwenye mashine za Sun na za Apple zenye PowerPC. Linux iliurithi kupitia PowerPC, na kwa miaka mingi maelezo ya vifaa yalirundikwa kwenye folda ya PowerPC, mengi yakiwa ndani ya faili moja refu lililoitwa booting-without-of.txt. Kisha zikaja simu. Kampuni za chipu za ARM zikawa zinaandika maunzi yao ndani ya msimbo wa C, bodi kwa bodi, mpaka Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipopandisha sauti hadharani. ARM ikahamia kwenye mti wa vifaa. Mwaka huo huo hati zikatolewa chini ya PowerPC na kuwekwa mahali pa wote, zikapangwa kwa aina ya kifaa. Sababu ilikuwa wazi: saa ya I2C ni ile ile, iwe imefungwa kwenye PowerPC, ARM au kitu kitakachobuniwa kesho.

Hapo ndipo ilipo kanuni ninayoitaka uishike kuliko zote. Hati inaeleza kifaa, haielezi draiva, ile programu ya kukiendesha. Kabla ya kuandika sentensi jiulize: je, itabaki kweli ikisomwa na mtu wa U-Boot, wa FreeBSD au wa Zephyr? Wote hao hutumia miti ya vifaa na hawana haja ya kujua draiva yako ya Linux inafanya nini. Sentensi inayosema "draiva itasoma kipimo kila sekunde 10" ifute. Sentensi inayosema "mguu wa INT hutoa ishara pale kengele inapofika wakati wake" iache. Kwa sababu hiyo hiyo, kama chipu ina uwezo ambao draiva ya leo haiutumii, uandike. Chipu haikupungukiwa kwa sababu wewe hukuwa na muda wa kuandika msimbo.

Sasa tuingie kwenye folda. Ndani ya bindings utakuta rtc ya saa, leds ya taa, net ya mitandao, w1 ya nyaya za aina ya DS18B20, na iio ya vihisi, nayo imegawanyika tena: pressure, temperature, humidity, proximity na nyinginezo. Unapanga kwa kazi ya kifaa. Jina la mtengenezaji halihesabiki hapa, wala bodi kilipofungwa. Kwa DS3231 hakuna ubishi. Kwa BME280 upo: inapima vitu vitatu, iende folda gani? Ilivyo ni kwamba imo ndani ya iio/pressure, katika faili linaloitwa bmp085.yaml. BMP085 ni chipu ya zamani ya Bosch iliyopima mgandamizo na joto tu. Wadogo zake walipozaliwa, mmoja baada ya mwingine, wakaongezwa kwenye faili lile lile kwa kuwa wanafanana sana. Unyevu haukupata nyumba yake.

Wapo wanaoona huo ni uchafu wa kusafishwa. Mimi naona ni sawa kabisa. Folda haiwezi kuwa faharasa kamili, na kuhamisha faili kila kifaa kinapoongezewa uwezo kunakata historia yake. Ukitaka hati ya chipu usitembee folda kwa folda. Tafuta jina lake:

grep -r "bosch,bme280" Documentation/devicetree/bindings

Fanya hivyo kabla ya kuandika chochote. Mara nyingi hati unayotaka kuandika imeshaandikwa, na kilichobaki ni kuongeza mstari mmoja. Kwa vifaa rahisi sana, visivyo na sifa nyingine zaidi ya jina, anwani na pengine waya wa ishara, kuna faili la pamoja liitwalo trivial-devices.yaml. Ongeza mstari humo, umemaliza.

Hati mpya inapolazimika, faili lake hupewa jina lile lile la compatible: mtengenezaji, mkato, kifaa, halafu .yaml. Mafaili ya zamani, kama bmp085.yaml na rtc-ds1307.yaml ambamo DS3231 yetu imo, hayafuati kanuni hiyo kwa sababu majina yake yalianza kutumika kabla haijakazwa. Usiyaige kwa jina, yaige kwa mambo mengine. Kiambishi cha mtengenezaji nacho hakibuniwi hovyo. Kuna orodha ya wote, vendor-prefixes.yaml, iliyopangwa kwa alfabeti. Kama mtengenezaji wako hayumo, unamwandikisha kwanza.

Jina likishatoka halibadilishwi. Angalia faili la rtc-ds1307: ndani yake utakuta dallas,ds1307 na pia maxim,ds3231. Dallas Semiconductor ilinunuliwa na Maxim mwaka 2001, na Maxim ikanunuliwa na Analog Devices mwaka 2021. Ukiinunua DS3231 leo unainunua kwa Analog Devices, lakini kwenye mti itabaki kuwa ya Maxim. Daladala za Zanzibar nazo zinakwenda Darajani, na mkondo wa maji uliovukwa na daraja lililolipa eneo hilo jina ulishafukiwa tangu karne iliyopita. Ukijaribu kuliita eneo lile jina jipya leo, atakayepotea ni abiria. Kwenye mti wa vifaa abiria ni kila bodi iliyokwisha kusambazwa ikiwa na jina la zamani ndani yake, na ambayo inatarajiwa kuwaka hata kerneli ikisasishwa. Kwa hiyo hati hizi huhesabiwa kuwa ahadi. Unaweza kuongeza sifa mpya isiyo ya lazima. Kuifanya sifa ya zamani imaanishe kitu kingine, au kuifanya ya lazima sifa ambayo haikuwa hivyo, huwezi bila sababu nzito.

Ukiwa na ahadi ya aina hiyo shingoni, jina la jumla ni mtego. Usiandike ds32xx ukidhani umejiwekea akiba. Mtengenezaji akitoa DS3299 isiyofanana na wenzake, jina lako litakuwa limeshaidai. Andika chipu halisi iliyoko mbele yako, na kama chipu mpya inafanya kazi sawasawa na ya zamani, weka majina mawili kwa mpangilio: jipya kwanza, la zamani nyuma yake kama msaada.

Mpaka mwishoni mwa muongo uliopita hati hizi ziliandikwa kwa maneno huru kwenye mafaili ya .txt, na mashine haikuweza kuzikagua. Kuanzia 2018 na 2019 zikaanza kuhamishiwa kwenye YAML yenye muundo maalumu, kazi iliyoongozwa na Rob Herring. Faida yake utaiona dakika chache baadaye. Kwanza muundo wenyewe: mstari wa kwanza ni wa leseni, na inayotakiwa kwa hati mpya ni mbili kwa pamoja, GPL-2.0-only OR BSD-2-Clause, ili hata miradi isiyo ya GPL izitumie. Kisha unakuja utambulisho wa faili, kichwa, wasimamizi, maelezo, sifa, orodha ya sifa za lazima, na mfano.

Kichwa kiwe jina la kifaa na kazi yake. Usiandike humo kwamba hii ni hati ya mti wa vifaa. Aliyefungua folda hiyo anajua yuko wapi, na wakaguzi wamechoka kulirudia hilo. Kwenye nafasi ya msimamizi weka mtu anayekifahamu kifaa na atakayejibu barua miaka mitatu ijayo, si mkuu wa idara.

Maelezo ndiyo yanayohitaji mkono wa mwandishi. Kishawishi ni kunakili ukurasa wa kwanza wa karatasi ya mtengenezaji, sifa zote za biashara. Acha. Weka kiungo cha karatasi hiyo, kisha eleza kile ambacho msomaji hawezi kukikisia kutokana na jina la sifa. Sifa ya reg kwenye kifaa cha I2C haihitaji maelezo. Kila mtu anajua ni anwani. Lakini mguu wa DS3231 unaoweza kutoa ishara ya kengele au mawimbi ya mraba, kimoja kati ya viwili, huo eleza. Hati ya BME280 ina vdda-supply na vddd-supply, njia mbili za umeme, ingawa kwenye vibao vingi vya dukani zote zimeungwa pamoja kwenye volti 3.3 na hakuna wa kuzizima. Ziko kwa sababu chipu inazo.

Vipimo viandikwe na uniti ndani ya jina la sifa: -microvolt, -microamp, -ohms, -ms, -hz. Sifa iitwayo "delay" yenye thamani ya 50 itamgombanisha kila atakayeisoma, kwani ni milisekunde au mikrosekunde? Ukiandika -ms ugomvi umekwisha, na tena mashine inajua yenyewe kuwa hiyo ni namba na haikudai uitaje aina yake. Sifa ambayo ni ya kifaa hicho peke yake hubeba kiambishi cha mtengenezaji, lakini kabla ya kuibuni tafuta kama kuna ya wote. Nyingi zipo.

Baada ya orodha ya sifa za lazima, kabla ya mfano, weka additionalProperties: false. Mstari huo mfupi ndio unaoipa hati meno: sifa yoyote ambayo hukuitaja itakataliwa, hata kama kosa ni herufi moja. Pale unaporithi sifa za faili jingine utatumia unevaluatedProperties: false badala yake.

Sasa ile faida. Sakinisha dtschema kwa pip, mara moja tu, ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Baada ya hapo ukaguzi unafanyika bila intaneti. Kisha:

make DT_SCHEMA_FILES=rtc/rtc-ds1307.yaml dt_binding_check

Amri hii inakagua hati yenyewe na pia inautafsiri mfano ulioandika ndani yake. Mfano uliokosewa unajitokeza hapo hapo, na kwa hiyo mifano ya hati za Linux inaaminika kuliko mingi utakayoikuta mitandaoni. Amri ya pili, make dtbs_check, inachukua miti ya bodi na kuilinganisha na hati. Kwa mwalimu wa skuli ya ufundi au wa chuo, Karume kule Mbweni au SUZA kule Tunguu, zoezi zuri kuliko hili silijui: mpe mwanafunzi mti wenye makosa matatu, mwachie mashine imfundishe. Hakuna bodi inayoungua.

Ikiwa hati yako inakwenda kwenye Linux yenyewe, itume ikiwa kiraka (patch) kinachojitegemea, kabla ya kiraka cha draiva, na kichwa chake kianze na dt-bindings: kisha jina la folda. Programu ya get_maintainer.pl itakupa orodha ya wa kupelekewa. Wasimamizi wa eneo hili ni Rob Herring, Krzysztof Kozlowski na Conor Dooley. Majibu yao huwa mafupi na makavu, na asiyezoea hudhani amegombezwa. Hajagombezwa. Rekebisha, andika chini ya kiraka umebadilisha nini, tuma toleo la pili.

Kiingereza ndicho kinachotumika huko. Linux ina folda ya tafsiri yenye Kichina, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea na Kihispania, lakini hati za vifaa zenyewe huandikwa kwa lugha moja. Hilo lisikuzuie kuandika kwa Kiswahili kile kilicho chako, na kilicho chako ni kingi, kwa sababu sehemu kubwa ya anachohitaji kujua fundi wa kituo hairuhusiwi kuingia kwenye hati ya kifaa wala kwenye mti.

Hairuhusiwi kwa sababu si sifa ya maunzi. Chukua DS18B20. Kila moja imezaliwa na namba yake ya biti 64, na kwenye Linux utaiona chini ya /sys/bus/w1/devices ikianza na 28-. Kwa maana hiyo inajitambulisha, na mti unataja waya tu, si kila kihisi kilichoko juu yake. Lakini ukifunga vitatu kwenye waya mmoja, kimoja juu ya maji, kimoja kwenye kamba za mwani na kimoja mchangani, hakuna chipu itakayokuambia kipi kiko wapi. Jedwali la namba na kina ni la daftari la kituo. Vivyo hivyo tarehe ya kubadilisha kihisi, na tofauti ya usomaji wake na kipimajoto kilichosahihishwa.

Suala la urefu wa maji ni zito zaidi. Bandari ya Zanzibar ina kipimo cha kujaa na kupwa kilichomo katika mtandao wa dunia wa GLOSS, na namba za kituo cha aina hiyo zina thamani kwa sababu zimefungwa kwenye alama ya kudumu iliyo nchi kavu. Ukiongeza kihisi cha kina kwenye kituo chako, na maji yetu ya bamvua hupanda na kushuka kama mita nne, kitasoma vizuri siku zote huku nguzo ikizama mchangani sentimita kwa sentimita. Hati ya kifaa itakuwa sahihi, mti utakuwa sahihi, takwimu zitakuwa ovyo. Andika alama yako iko wapi, kihisi kiko chini yake kwa kiasi gani, nani alipima na lini.

Napendekeza folda moja ya mradi yenye sehemu tatu. Ya kwanza ni ya miti ya bodi zako. Ya pili ni ya hati: nakala za zile za Linux ulizozitegemea pamoja na namba ya toleo la kerneli ulikozitoa, na hati ulizoandika mwenyewe, kwa YAML ile ile hata kama hutazituma popote. Kama unatumia Raspberry Pi na umewasha saa kwa mstari wa dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 ndani ya config.txt, weka na faili hilo. Bila hilo mti ulio kwenye kadi hautaonyesha kilichopo kweli. Ya tatu ni ya vituo, folda moja kwa kila mahali, kwa Kiswahili: Paje peke yake, Jambiani peke yake, hata kama masanduku ni pacha. Chumvi haiyali kwa mwendo mmoja.

Na kwenye kila folda ya kituo, siku ya kufunga BME280, andika jibu la rejista ya 0xD0. Ikijibu 0x60 umenunua BME280. Ikijibu 0x58 ni BMP280, kibao kinafanana, mara nyingine hata maandishi ya dukani yanafanana, ila haina kipimo cha unyevu. Hapo usiibadilishe hati wala usiilaumu draiva. Badilisha neno moja kwenye mti liwe bosch,bmp280, na kwenye daftari weka tarehe, ili atakayetafuta takwimu za unyevu za mwezi huo asizitafute.